Shajara ya mradi: kupima kinachowasukuma wanafunzi wa chuo kujifunza Kiswahili, Kampala

Nafundisha Kiswahili cha wanaoanza katika chuo kikuu kimoja hapa Kampala. Shajara hii nawaandikia walimu wenzangu, hasa mlioko Uganda, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini, ambao wanafunzi wenu huingia darasani tayari wana lugha mbili tatu, kisha Kiswahili kinakuja juu ya hizo. Nitaongeza maandishi kila hatua inapokamilika. Bei zote ni za mwaka 2024, kwa shilingi za Uganda.

14 Agosti 2024: Tunatafuta nini

Kila muhula napokea darasa ambalo kwenye karatasi linafanana: umri ule ule, kozi ile ile, mwalimu mmoja, vitabu vile vile. Muhula ukifika katikati, wameshaachana mbali. Mmoja ana daftari lililojaa maneno aliyoyaokota kwa madereva wa malori. Jirani yake, ambaye masomo mengine anayafanya vizuri tu, anakaa nyuma akingoja saa iishe. Sisi walimu tunalo jibu la haraka: huyu ana motisha, yule hana. Lakini jibu hilo halinipi cha kufanya Jumatatu asubuhi. Nataka kujua huyu anasukumwa na nini, na yule anashikwa na nini, kwa njia ambayo mwalimu asiye na fungu la utafiti anaweza kuiiga.

Uganda ni mahali pazuri pa kuuliza swali hili kwa sababu Kiswahili hapa kimebeba mambo mengi. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, na kwa familia nyingi za Buganda na za kaskazini kilibaki masikioni kuwa sauti ya kizuizi cha barabarani, lugha ya mtu mwenye bunduki. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, Bunge likaachiwa kuamua kitumike wapi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kipewe hadhi hiyo kwa vitendo na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Basi kijana anayeketi mbele yangu anaweza kuwa na bibi anayekiogopa, serikali inayomwambia ni fursa ya kazi, na simu iliyojaa Bongo Fleva. Yote matatu yamo ndani ya mtu mmoja, na kwa kila mtu uzito wake ni mwingine.

Kwa upande wa nadharia nimeanzia kwa waliotangulia. Robert Gardner na Wallace Lambert waliwachunguza wanafunzi wa Montreal waliokuwa wakijifunza Kifaransa, wakachapisha matokeo ya mwanzo mwaka 1959. Walitenganisha hamu ya kuwa karibu na wenye lugha na hamu ya kupata kitu kwa lugha hiyo, kama kazi au cheti. Zoltán Dörnyei akalipanga upya suala hilo mwaka 2005: mtu anasukumwa na picha ya nafsi anayotamani kuwa, na picha ya nafsi anayohisi wengine wanamtaka awe, na yale yanayompata darasani siku kwa siku. Mipango yote miwili naiona na maana. Swali langu ni kama inatosha Kampala.

2 Septemba: Hojaji ya kwanza

Hojaji ilihitaji lugha ya kuulizia, na hili lilichukua muda kuliko nilivyotarajia. Wanaoanza hawawezi kujibu kwa Kiswahili. Luganda kingewaacha nje watu wa kaskazini, wa Gulu, Lira na Arua. Tukaandika kwa Kiingereza, lugha ambayo wote wamesomea. Kuna sentensi ishirini na nne, kila moja na hatua tano za Likert, kuanzia sikubali kabisa hadi nakubali kabisa. Nyingi zinafuata mwelekeo wa Gardner na wa Dörnyei, na chache zinahusu woga wa darasani, kwa mfano wa kipimo cha Elaine Horwitz na wenzake cha 1986. Kipimo hicho chenyewe kina sentensi 33, kwa hiyo tumechukua sehemu ndogo tu.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Anayesahihisha mtihani wangu akija kuniuliza kama napenda somo lake, nitamwambia nini? Kamati ya maadili ya chuo ilitaka hilo litatuliwe kabla ya kutoa kibali, na naikubalia. Bahati nzuri tuna mikondo miwili, mmoja wangu na mmoja wa mwalimu mwenzangu. Tumebadilishana: mimi nachunguza mkondo wake, yeye anachunguza wangu. Hakuna anayeona majibu ya wanafunzi wake mwenyewe mpaka alama za muhula ziwe zimeingizwa, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe akitoa ruhusa. Kama kwenu mwalimu ni mmoja tu, tafuteni mtu wa idara nyingine. Msiruke hatua hii.

Kila mwanafunzi anajitungia namba ya siri: tarakimu mbili za mwisho za simu yake na tarehe aliyozaliwa.

Tulianza na fomu ya mtandaoni kwa kuwa ni bure. Haikufaa. Wengi hawakuwa na bando siku hiyo, wengine walijaza mara mbili, na wachache wakajaza wakiwa ndani ya teksi, jambo lililoonekana wazi kwa majibu yaliyokatika katikati. Tumerudi kwenye karatasi: kurasa mbili, mbele na nyuma, shilingi 200 kwa kila ukurasa kwa wapiga fotokopi wa Wandegeya. Zinajazwa darasani, dakika kumi na tano za mwisho, mwenye somo akiwa nje.

13 Septemba: Kila mtu kakubali

Karatasi zimerudi zote, na hazitufai kwa tulichotaka. Karibu sentensi zote zimewekewa nne au tano. Ukikokotoa wastani unapata darasa lenye motisha kubwa ajabu, yule wa nyuma anayengoja saa iishe naye akiwemo. Kwa mtu anayetafuta tofauti kati ya mtu na mtu, karatasi hizi hazina cha kusema.

Nimekaa nazo jioni mbili kabla ya kuandika hapa. Sehemu ya tatizo ni adabu. Mgeni mzima amekuja kukuuliza kuhusu lugha yake, utamwambia huipendi? Sehemu nyingine ni kwamba kukubali hakugharimu kitu. Naweza kukubali kabisa kwamba Kiswahili ni muhimu kwa kazi, kwa muziki, kwa umoja wa Afrika Mashariki na kwa mtihani, na bado nisifungue daftari hadi wiki ijayo.

Kilichonifunza zaidi ni sentensi moja tuliyoijenga kwa mfano wa Gardner, inayosema kwamba ningependa kufanana zaidi na watu wanaozungumza lugha hii. Pembeni ya sentensi hiyo mwanafunzi mmoja amechora mshale kwa kalamu ya bluu, akaandika maneno matatu yenye alama ya kuuliza: Watanzania? wanajeshi? Mombasa? Mwingine ameandika tu, "Akina nani?" Hapo ndipo tofauti ya Montreal na Kampala inapoonekana. Mwanafunzi wa Kiingereza kule Montreal alijua wenye Kifaransa ni akina nani, kwa kuwa aliishi nao mji mmoja. Hapa mwenye Kiswahili anaweza kuwa mfanyabiashara wa pwani, mkimbizi kutoka Bunia kule Kongo, ofisa wa jeshi, au msanii kwenye simu. Sentensi moja imepima vitu vinne. Si ajabu kwamba sehemu hiyo ya hojaji, tulipoipima kwa alfa ya Cronbach, kipimo cha kama sentensi za sehemu moja zinapima kitu kimoja, ilianguka chini sana ya 0.70 ambayo watafiti wengi huihitaji.

Tulichobadilisha: sentensi hiyo imetoka, na mahali pake pana swali la wazi: "Ukijiona unazungumza Kiswahili vizuri, unazungumza na nani, mahali gani?" Sentensi mbili zenye ukanushi ndani ya ukanushi nazo zimetoka, maana hata sisi walimu tulizisoma mara mbili. Hojaji iliyobaki ni ya ukurasa mmoja. Ila kazi ya kutofautisha watu haiwezi kuachiwa hojaji. Tunahitaji kitu kinachomlazimisha mtu kuchagua.

27 Septemba: Maharage na trei za mayai

Hatua hii ndiyo ninayotamani muiige kabla ya zote.

Wanaofanya tafiti vijijini wana njia ya zamani ya kumpa mtu punje za maharage au vijiwe azigawe kwenye mafungu: mapato ya nyumba yanatoka wapi, ugonjwa gani unasumbua zaidi. Tumeichukua. Kila mwanafunzi anapewa punje ishirini na mafungu sita: mtihani na alama; kazi na kipato; familia na wazee; watu ninaotaka kuzungumza nao; muziki, filamu na mitandao; na raha ya lugha yenyewe. Anagawa punje kadiri kila sababu inavyomsukuma yeye, si inavyopaswa kumsukuma. Ukitaka kuongeza hapa, lazima upunguze pale.

Vikombe vya karatasi tulivyoanza navyo vilipinduka kila feni ilipogeuka upande wetu. Tukaenda kwa muuza rolex wa getini, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, akatupa trei tupu za mayai bila malipo. Ukikata kipande chenye vishimo sita na kubandika lebo, una kifaa kisichopinduka, kisichokatika na kinachopangika juu ya kingine. Maharage ni ya nambale, yale mekundu, kilo moja shilingi 5,000, na yanatosha darasa zima na zaidi.

Usimwache mtu agawe halafu uhesabu tu. Kaa naye, uangalie mikono. Mwanafunzi wa sheria alitia punje nane kwenye kazi bila kusita. Analenga Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Kisha akazichota nne, akazishika kiganjani kwa muda, akazihamishia kwenye watu anaotaka kuzungumza nao. Nilipomuuliza akasema, "Mwalimu, lugha ya Mahakama ni Kiingereza, hiyo naijua. Lakini mkitoka nje kula, mawakili wa Tanzania wanarudi kwenye Kiswahili, na mimi nitabaki nimenyamaza." Kwenye hojaji kijana huyu ameandika tano kwa kila sentensi ya kazi. Trei imeonyesha kwamba anachokitaka ni kukaa mezani na wenzake wa taaluma. Mazoezi ya kuandika barua rasmi hayamfikishi huko. Mazungumzo ya chakula cha mchana yanamfikisha.

Binti mmoja Mwacholi alifika kwenye familia na wazee, akatia punje moja, akasita. Kisha akachukua tatu akaziweka nje ya trei, juu ya meza, upande wake. Nikamuuliza hizo za wapi. "Hizi ni za bibi. Hazinisukumi, zinanivuta." Bibi yake hapendi kusikia lugha hiyo nyumbani tangu miaka ya vita. Binti anaipenda, anaimba nyimbo zake, lakini hafanyi mazoezi kwa sauti akiwa nyumbani, na nyumbani ndiko anakolala kila siku.

Mbinu yetu haikuwa na nafasi ya kitu kama hicho. Tulikuwa tumeuliza kinachosukuma tu, kana kwamba asiye na msukumo hana chochote. Siku iliyofuata tukanunua maharage meupe. Sasa kila mwanafunzi ana punje ishirini nyekundu za kinachomsukuma na kumi nyeupe za kinachomrudisha nyuma, na nyeupe anaweza kuacha kuzitumia zote. Waliogawa mwanzo tuliwaita wagawe tena. Wengi wa wale tuliodhani ni wavivu wana nyekundu zilizokaa vizuri, na nyeupe nyingi mahali pamoja.

Onyo kwa watakaoingiza data kwenye programu ya takwimu: kwa kuwa jumla ni ishirini kwa kila mtu, fungu moja likipanda lingine lazima lishuke. Ukitafuta uhusiano kati ya mafungu utapata hasi nyingi ambazo zimezaliwa na hesabu yenyewe, si na wanafunzi. Msizifanyie uchanganuzi wa kawaida wa uhusiano. Someni trei moja moja, na linganisheni trei ya mtu na trei ya mtu huyo huyo wakati mwingine.

18 Oktoba: Kipimajoto

Trei inaonyesha mtu anavyojiona akiwa ametulia. Tulitaka pia kuona yanayompata ndani ya somo. Mwaka 2014 Freerkien Waninge, Dörnyei na Kees de Bot walichapisha utafiti wa wanafunzi wanne waliokuwa wakijaza mchoro wa kipimajoto kila baada ya dakika tano, kuonyesha hamu yao ilivyo wakati huo. Tukachora vipimajoto kwenye karatasi moja, kuanzia sifuri hadi mia.

Dakika tano hazikuwezekana kwetu. Somo lilikatika kila lilipoanza kunoga, na nilipokaa nyuma nikaona baadhi wanajaza vipimajoto vyote kwa pamoja dakika ya mwisho. Tumepunguza hadi vitatu kwa somo: baada ya salamu na marudio, katikati ya kazi kubwa ya siku, na mwishoni. Kengele ndogo inapigwa, sekunde kumi, wanaendelea. Tena si darasa zima. Kila somo theluthi moja tu ndiyo inayojaza, kwa zamu. Somo la tarehe 9 lilipotea kwa sikukuu ya Uhuru, kwa hiyo zamu ya mwisho imesogea.

Somo lililotufungua macho lilikuwa la kununua na kuuza. Wawili wawili, mmoja muuzaji, mmoja mnunuzi. Katika dakika zile zile, mwanafunzi wa biashara ambaye mama yake ana duka Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, alipanda hadi karibu na mia. Kwake hiyo ni kazi ya Jumamosi: mzigo umetoka Mombasa, dereva amefika, bei inajadiliwa. Meza ya pili kutoka kwake, kijana mwingine alishuka karibu hadi chini. Nilishangaa, maana kijana huyo ndiye anayezungumza kwa kasi kuliko wote. Amekulia kambini, baba yake ni mwanajeshi.

Wastani wa darasa katika somo hilo ulionyesha mstari karibu ulionyooka. Mmoja kapanda, mmoja kashuka, hesabu ikafutana.

8 Novemba: Mahojiano

Tuliomba wachache wakae nasi kwa mazungumzo marefu: ambao trei zao zilitofautiana sana, na ambao kipimajoto kilituchanganya. Kila mmoja alisoma na kusaini fomu, na aliambiwa anaweza kuondoka wakati wowote. Mmoja aliondoka, hatukumuuliza sababu.

Kijana wa kambini alieleza mambo bila kuzungushazungusha. Kiswahili amekizungumza tangu utotoni. Alijiandikisha akidhani hili ndilo somo ambalo kwa mara ya kwanza atakuwa mbele ya wengine. Kisha kila alipofungua mdomo, "watu yote" yakageuzwa "watu wote", "kitu yangu" ikageuzwa "kitu changu", mbele ya watu ambao hata salamu wanaihesabu kwa vidole. "Nyumbani nikisema hivyo baba ananielewa, na wanajeshi wa Gulu na wa Mbarara wananielewa. Hapa naambiwa sijui." Jibu lake kwa swali letu la wazi, kwamba anajiona akizungumza na nani, lilikuwa fupi: na baba, na baadaye na wanajeshi wake mwenyewe.

Nikachukua hojaji yake ya kwanza nikailinganisha na ya binti wa Buganda anayekaa safu ya mbele. Jumla za alama zao zinakaribiana mno. Binti huyo hajawahi kukizungumza nje ya darasa. Anapenda mpangilio wa ngeli, maana omuntu na abantu, ekintu na ebintu vya kwao anaviona vikirudi kama mtu na watu, kitu na vitu. Sarufi inamfurahisha, na punje saba amezitia kwenye raha ya lugha yenyewe. Kinachompa hofu ni kuzungumza na mtu asiyemjua. Marekebisho ya mwalimu anayaandika daftarini kwa furaha. Kwa hiyo marekebisho yale yale, ya mwalimu yule yule, mmoja yanamjenga na mwingine yanambomoa, na hojaji ingewaweka kwenye kundi moja la "motisha ya juu".

Kwa ruhusa ya kijana, mwenzangu alielezwa. Alifanya mambo mawili. Marekebisho ya kijana huyu sasa yanakuja kwa maandishi baada ya somo, na darasani amepewa kazi ya kusimulia: anaeleza tukio kwa kasi ya kawaida, wenzake wanasikiliza na kuandika walichoelewa. Wanaoanza wanahitaji sana sikio la namna hiyo, na Kiswahili chake kinatosha kabisa kuwapa. Ngeli anazifanyia kazi kwenye daftari. Sitaki kusema mengi zaidi, ni wiki chache tu.

Jambo lingine lililojitokeza ni lugha za kwanza. Nilitarajia wazungumzaji wa lugha za Kibantu wawe na mwendo rahisi na wa Kiacholi, Kilango au Kilugbara wawe na mlima, kwa kuwa lugha zao hazina ngeli za namna hii. Kwa sarufi ya mwanzo ndivyo ilivyo. Kwa hamu, hapana. Baadhi ya wenye Luganda na Runyankole walitulia mapema kwa sababu maneno mengi yanakisika, wakaacha kujisukuma. Wawili kutoka Arua wana sababu ya karibu zaidi kuliko yeyote: sokoni kwao, ng'ambo ya mpaka kuna Kongo, na Kiswahili kinatumika leo hii, si baada ya kuhitimu. Nawaomba msipange makundi ya darasa kwa kabila au lugha ya nyumbani. Trei itakuambia zaidi.

Gharama ya hatua hii ni muda. Mazungumzo yalichanganya Kiingereza, Luganda na Kiswahili, na saa moja ya sauti ilinichukua karibu siku nzima ya kazi kuiandika. Programu za bure za kunakili sauti hazikumudu mchanganyiko huo. Nikirudia, nitaandika kikamilifu sehemu zinazohusu punje zilizohamishwa, na nyingine nitazifupisha.

29 Novemba: Raundi ya pili, na namba zilizopotea

Tumerudia hojaji fupi na trei. Namba za siri zimetuangusha. Kati ya Septemba na sasa wengine wamebadilisha laini, wengine wana laini mbili na hawakumbuki walitumia ipi. Karibu robo ya karatasi za mwanzo hazina mwenzake. Hizo zimepotea kwa kazi ya kulinganisha mtu na yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililokuwa lengo. Msitumie simu. Tumieni vitu visivyobadilika ambavyo mwalimu havijui: herufi ya kwanza ya jina la mama, mtoto wa ngapi kuzaliwa, herufi ya kwanza ya wilaya aliyozaliwa. Tumejaribu mfumo huu kwenye mkondo wangu, na hakuna aliyekwama.

Kwa waliolinganishwa, fungu la mtihani limevimba karibu kwa kila mtu. Mitihani inaanza Desemba, kwa hiyo tumepima joto la msimu. Aliyekuwa na punje mbili za mtihani Septemba ana sita sasa, na ukimuuliza anakwambia mwenyewe kwamba zitarudi. Raundi ya pili ifanyike kabla ya ratiba ya mitihani kubandikwa.

Zilizonivutia ni nyeupe. Binti Mwacholi alikuwa nazo sita upande wa bibi, sasa ni tatu. Hakuna mtu aliyezungumza na bibi. Amepata mahali pengine pa kufanyia mazoezi: yeye na wenzake wawili wanakutana jioni chini ya jengo la maktaba na kuimba, kisha kuzungumza. Kijana wa kambini nyeupe zake zimepungua kidogo, na punje mbili nyekundu zimehamia kwenye raha ya lugha yenyewe, ambako Septemba hakuweka hata moja. Mwanafunzi wa sheria hajabadilika. Yule wa nyuma anayengoja saa iishe ana nyeupe zote kumi mahali pamoja: somo alichaguliwa, hakulichagua. Kwake sina dawa ya darasani. Nimepeleka suala la uchaguzi wa masomo kwa mkuu wa idara, kwa jumla, bila kumtaja yeyote.

13 Desemba: Gharama, na kinachobadilika Februari

Fotokopi zote, pamoja na zile za raundi ya kwanza zilizotupwa, takriban shilingi 60,000. Maharage mekundu na meupe 10,000. Trei bure. Gundi na karatasi za lebo 7,000. Rolex na soda kwa waliokuja kwenye mahojiano, 5,000 kwa kila mmoja, na hatukumlipa mtu yeyote pesa taslimu ili asione amenunuliwa jibu. Ada ya kibali ililipwa na idara. Ulizeni kwenu mapema, maana inaweza kuzidi gharama nyingine zote zikijumlishwa, na kusubiri kibali kulikula wiki kadhaa. Takwimu tulizifanya kwa JASP, programu ya takwimu ambayo ni bure.

Mwenye fedha kidogo aanze na trei peke yake. Dakika kumi kwa kila mwanafunzi, mbili kati ya hizo za kuuliza kwa nini punje fulani imehamishwa. Hojaji ya ukurasa mmoja inasaidia, hasa swali la wazi la "na nani, mahali gani". Kipimajoto ni kwa anayeweza kupata mtu wa pili wa kukaa nyuma.

Muhula wa Februari trei zinagawiwa wiki ya pili na wiki ya saba. Kuna fungu la saba: wanafunzi kadhaa waliuliza kanisa na msikiti waviweke wapi, wengine wakavitia kwenye familia, wengine kwenye watu wa kuzungumza nao, na hatuwezi kuvitenganisha tena. Punje nyekundu zinabaki ishirini. Nyeupe hazitakuwa na mafungu yaliyoandikwa kabla. Mwanafunzi ataziweka mezani mwenyewe, apendavyo, kisha ndipo tutakapoandika jina la kila fungu kwa maneno yake.